Laini ya Tano

Shemeji yangu simpendi, na mtaa mzima unajua, kwa hiyo sitapoteza muda kupaka mambo rangi. Watu huniuliza, amekukosea nini? Hajanikosea kitu. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Angenikosea ningepata pa kumshikia. Huyu bwana ana miaka tisa tangu amwoe mdogo wangu, hajawahi kumpandishia sauti, hajawahi kuchelewa kurudi bila kupiga simu, na baba yangu mzazi anamwita "mwanangu". Mimi niliyezaliwa na baba huyohuyo, kifungua mimba wake, ananiita Mashoto, kwa sababu natumia mkono wa kushoto.

Kazi yake ni fundi wa mashine za kufulia. Yuko hospitali, chini kabisa, kwenye chumba ambacho mashuka machafu yanashushwa kwa mikokoteni na kuta hazikauki mvuke mwaka mzima. Kuna mashine sita kubwa, na hakuna siku ambayo zote sita zinaamka vizuri. Niliwahi kumpelekea ufunguo aliousahau, nikamkuta amelala chali chini ya mashine, inaonekana miguu tu, anaibembeleza. Anaongea na mashine, mtu yule. Nyumbani unaweza kukaa naye saa nzima akatoa maneno matatu, na moja kati ya hayo ni "asante".

Akimaliza kazi ananawa mikono mpaka viwiko, anavaa shati lililopigwa pasi, anaubeba mkoba wake wa turubai. Usidhani mna chakula mle. Mna swichi zilizokufa, springi, vitasa vya milango ya mashine, mota ndogondogo alizozitoa kwenye vitu vilivyotupwa, na kila kimoja amekifunga kwenye kitambaa chake. Hatupi kitu. Mdogo wangu anasema kabati lao la jikoni halina sahani, lina mota.

Aliingia kwetu kwa njia ya mashine pia. Mama alikuwa hai bado, mashine yetu ikaanza kumwaga maji ukumbini, akaitwa. Akatengeneza, akakataa hela, akasema ni mpira tu uliopasuka. Wiki iliyofuata akaja kuangalia kama inavuja. Haikuvuja. Wiki ya tatu akaja kuangalia kama ni kweli haivuji. Mama alicheka mpaka akakaa chini, akamwambia mdogo wangu, nenda ukampe mwenzio chai, mashine ilishapona. Na mimi nilicheka siku hiyo, sikatai. Nilijua anachukua mdogo wangu. Sikujua atamchukua na Baba.

Sasa niwaeleze habari ya taa, maana ndiko moyo unakoniuma.

Baba alikuwa fundi umeme maisha yake yote. Nusu ya nyumba za mtaa huu zina waya alizozipitisha yeye, na ukimtajia nyumba atakuambia boksi la fyuzi liko nyuma ya mlango gani. Kila mwisho wa mwaka alikuwa anaipamba nyumba yetu kwa taa za Krismasi, upande wa mbele, kwa nje. Majirani nao walipamba, lakini wao walikuwa na uzi mmoja wa taa unaotundikwa dirishani, ukichomekwa unawaka, ukichomolewa unazima, basi. Za Baba zilikuwa laini kumi na mbili. Kila laini ilikuwa na waya wake na taa zake: ya kwanza na ya pili kwenye nguzo za geti, zinazofuata kwenye ukuta wa nje, kwenye mti, kwenye madirisha, mpaka ya kumi na mbili iliyokuwa inapita juu ya paa lote. Laini ya tano peke yake ilikuwa ya nyota, juu ya mlango. Usiniulize kwa nini nyota ikawa tano. Ndivyo waya ulivyofika.

Na laini hizo hazikuwaka kwa pamoja. Zilikuwa zinaanza getini, moja baada ya nyingine, zinapanda ukuta, zinapanda mti, zinakwenda mpaka paani, na mwisho kabisa nyota inawaka juu ya mlango. Zinazima zote, zinaanza upya. Watu walikuwa wanasimama barabarani na baiskeli zao wanatazama. Walikuwa wanamuuliza Baba amenunua wapi mtambo wa kuziendesha.

Mtambo ulikuwa mimi. Nilikuwa na miaka saba. Baba alikuwa hana hela ya mtambo, alikuwa na ubao mrefu na swichi kumi na mbili za ukutani alizozitoa kwenye majengo ya watu waliokuwa wanabadilisha. Alizipanga kwenye ubao kwa mstari mmoja, akaupigilia barazani nyuma ya nguzo, akaniwekea kreti ya soda nisimame juu yake. Mkono wa kulia nimeshika nguzo, wa kushoto unatembea kwenye swichi: moja, mbili, tatu, nne, naruka tano, naendelea mpaka kumi na mbili. Halafu nyota. Ubao ulikuwa mrefu kuliko mwili wangu, kwa hiyo nikifika mwisho ilinibidi nirudi hatua nzima ndipo niifikie tano. Baba alikaa kwenye kiti chake pembeni yangu, anaangalia taa. Hakusema vizuri wala vibaya. Tukimaliza alikuwa ananibeba kutoka kwenye kreti ananiweka chini.

Nilikua, mikono ikarefuka, kreti ikaenda stoo. Nilipofika miaka kumi na saba nilikuwa naziendesha zile swichi huku naongea na marafiki, nyota inawaka papo hapo baada ya paa, hakuna pengo hata la kupumua. Nikasomea umeme, nikafungua duka la vifaa vya umeme mitaa miwili kutoka nyumbani. Sikuolewa, na hilo si la leo. Lakini kila mwaka, hata kama dukani kumejaa vipi, jioni ya taa nilikuwa nafunga mapema nakwenda kusimama kwenye ule ubao, pembeni ya kiti cha Baba. Mdogo wangu alikuwa na mume, alikuwa na watoto, alikuwa na nyumba. Mimi nilikuwa na ule ubao.

Mwaka juzi macho ya Baba yakaanza kufunga. Daktari alisema hayarudi. Sasa hivi anaona mwanga umekuja au umeondoka, basi, sura anakujua kwa sauti. Na mwaka jana mvua ilipiga baraza kwa upande, ubao ukalowana, ukatoa cheche karibu na mkono wangu. Baba alisikia tu ule mlio, akaamuru ung'olewe siku ileile, na mambo ya umeme Baba akiamuru ameamuru.

Kwa hiyo mwaka huu nilijua ni zamu yangu kuleta suluhisho. Nani mwingine? Nikachukua dukani visanduku viwili vyeupe, vile vinavyoendeshwa kwa simu. Kimoja kinabeba laini nane, kwa hiyo kwa kumi na mbili unahitaji viwili. Nawauzia watu wa mahoteli. Jumapili nikavipanga mezani kwa Baba, nikaunganisha taa chache za majaribio, nikagusa simu, zikawaka kwa mpangilio kimya kabisa. Mdogo wangu akasema vizuri sana Dada. Baba akauliza vinawaka sasa hivi? Nikamwambia vinawaka, Baba. Akasogeza sikio, akasema mbona sisikii kitu. Halafu akauliza bei. Nikamwambia achana na bei, hiyo ni juu yangu. Akauliza tena. Nikamtajia, na bei yenyewe nilikuwa nimeshaipunguza mdomoni. Akasema kwa hela hiyo tungebadilisha mabati ya nyuma yote.

Hapo ndipo shemeji, aliyekuwa kimya kule pembeni na kikombe chake, akafungua kinywa.

"Baba, naweza kujaribu kwa vitu nilivyonavyo."

Maneno sita. Niliyahesabu. Baba akageuza uso wote upande wake, akamuuliza kivipi, na yule mtu asiyeongea akaanza kuongea. Eti mashine ya kufulia ya zamani inajuaje wakati wa kujaza maji, wakati wa kuzungusha, wakati wa kumwaga? Haina akili. Ndani mna kigurudumu kinachozunguka polepole, kina vinundu, kila kinundu kikifika kinabonyeza swichi yake. Ukitengeneza kigurudumu kirefu chenye nafasi kumi na mbili, kitabonyeza swichi kumi na mbili. Baba alipiga paja. Akasema miaka hamsini kwenye umeme na hajawahi kuwaza hivyo, mwanangu wewe una kichwa. Nikavirudisha visanduku vyangu kwenye boksi lake, na hakuna aliyegeuka kunitazama.

Wiki tatu walijifungia kwenye stoo ya nyuma, kila jioni akitoka kazini. Nilimwonea gere mpaka chakula kikakosa ladha, nasema ukweli. Mdogo wangu, ambaye hana jicho la kuona mtu anaumia, alikuwa ananiletea habari dukani. Dada, jana Baba alicheka mpaka akakohoa. Dada, Baba amegoma kulala mchana, anamsubiri mume wangu. Dada, tunaomba ndala kuukuu, una ndala zozote kuukuu? Nikamuuliza za nini. Za vinundu, akasema. Walikuwa wanakata raba za ndala. Mtaa mzima ulikuwa unamletea mzee ndala za mguu mmoja.

Nilianza kutafuta visababu vya kupita. Leo napeleka balbu, kesho narudisha bakuli. Nikachungulia dirisha la stoo. Walikuwa na kipande cha bomba la plastiki la maji machafu, nene kama paja, limelazwa juu ya fremu ya mbao. Upande mmoja kuna mota ndogo, ile inayozungusha sahani ndani ya maikrowevu, inalizungusha bomba polepole sana. Juu ya bomba vimegundishwa vipande vya ndala, vya bluu, vya kijani, vyekundu, na juu ya kila kipande kuna swichi ndogo iliyotolewa kwenye mlango wa mashine mbovu. Raba ikifika, swichi inalia ta, laini inawaka. Hakuna kitu pale kilichonunuliwa zaidi ya gundi. Moyoni nilisema ni takataka. Lakini nimesomea kazi hii, na nilijua nikiwa palepale dirishani kwamba si takataka.

Kilichoniua si hicho. Kilichoniua ni kreti. Kreti yangu ya soda, iliyokuwa imekaa stoo miaka yote, ilikuwa imeoshwa, imewekwa pembeni ya kiti cha Baba. Nikajua tayari, amepewa na kreti.

Na kingine. Kila nilipoingia walikuwa wananyamaza. Unasikia sauti ya Baba toka uani, anasimulia, anachekesha, halafu unasukuma mlango na kunakuwa kimya, wote wanatazama bomba. Siku moja nikauliza mnaongea nini. Baba akasema mambo ya laini tu, Mashoto, umeleta balbu?

Jumamosi ya taa ikafika. Shemeji alikuwa ameshapanda juu ya paa tangu asubuhi, ameshapitisha waya zote, na ule mtambo wake ameuweka barazani, umefunikwa na beseni kubwa la plastiki kwa ajili ya mvua. Mchana akapigiwa simu, mashine moja hospitali imefurika, akachukua mkoba akaondoka. Mdogo wangu alikuwa sokoni na watoto. Baba alikuwa amesinzia ndani. Nikaja mimi, kuangalia tu.

Nikafunua beseni. Ilikuwa kazi safi, jamani, siwezi kusema uongo. Waya zimefungwa kwa uzi, kila moja ina namba, hakuna kiungo kilicho wazi. Nikachuchumaa pale nikaanza kuitafuta dosari. Nikalizungusha bomba kwa mkono, polepole, nasikiliza swichi. Moja, ta. Mbili, ta. Vipande vya raba vilikuwa vimeanza kimoja baada ya kingine kwa mpangilio wa ngazi, kila kimoja kimechelewa upana wa kidole kimoja tu baada ya mwenzake. Tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Halafu kimya. Nikazidi kuzungusha. Kimya. Ndipo ta, tano.

Vidole vitatu! Laini ya tano, nyota yenyewe, imechelewa vidole vitatu badala ya kimoja. Moyo ulinicheza kwa furaha, na aibu naisikia sasa ninaposimulia, siku ile sikuisikia. Kumbe fundi wenu huyu! Wiki tatu mmejifungia, ndala za mtaa mzima mmekata, na nyota mmeikosea. Paa litawaka, watu watatazama mlangoni, na hakutakuwa na kitu.

Ningeweza kumpigia simu nikamwambia. Mtu mwenye roho nzuri angefanya hivyo. Mimi nilikuwa nimeshapanga maneno mdomoni, nitakavyosema jioni mbele za watu, kwa upole, kama dada mkubwa: Baba, kazi ya mkweo ilikuwa nzuri, ilibidi tu nimrekebishie nyota. Nikaokota kipande cha ndala kilichobaki, nikakata upana wa vidole viwili, nikakigundisha mbele ya raba ya tano ili ianze mapema. Nikapuliza mpaka gundi ikashika. Nikazungusha tena. Kumi na mbili, ta. Tano, ta. Hakuna pengo. Nikafunika beseni nikaenda zangu kuoga.

Jioni watu walijaa mbele ya geti, wengine na viti vyao. Jua lilikuwa ndio limezama, anga bado ina weupe kidogo. Baba alikaa kwenye kiti chake barazani na kiganja kimoja juu ya beseni. Kreti ilikuwa pembeni yake, tupu. Shemeji, shati limenyooka, alikuwa amesimama ukutani karibu na soketi, nikadhani anasubiri kumaliza kuchomeka ndipo aikalie. Mimi nilisimama kwenye nguzo na maneno yangu.

Akachomeka. Beseni likaanza kunguruma. Ta, nguzo ya kwanza ya geti. Ta, ya pili. Zikapanda ukuta, zikapanda mti, zikatembea madirishani, paa lote likawaka, na papo hapo, ta, nyota. Watu wakapiga makofi. Watoto wa mdogo wangu wakaruka. Ilikuwa nzuri kuliko enzi za ubao, na iliniuma kwamba ni nzuri.

Baba hakupiga makofi. Mzunguko wa pili akainamisha kichwa karibu na beseni. Wa tatu akainua mkono.

"Zima."

Shemeji akachomoa. Barabara ikawa giza, watu wakanong'ona, wakadhani umeme umekatika.

"Nani ameigusa tano?" Baba akauliza.

Shemeji akafunua beseni, akamulika kwa simu. Nikaona amekiona kile kipande. Kilikatwa kwa mkasi ulioshikwa mkono wa kushoto, ukingo wake umelala upande mwingine, tofauti na vingine vyote, na yeye mambo hayo anayaona. Akainua macho akanitazama mara moja tu, akayashusha.

"Ni mimi, Baba," akasema. "Nilipima vibaya."

Damu ilinichemka. Hata kosa langu alitaka alichukue yeye! Nikatoka kwenye nguzo. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka getini kwamba si yeye, ni mimi, na sikuharibu kitu, nimerekebisha. Tano ilikuwa inachelewa.

"Ilikuwa inachelewa," Baba akasema.

"Vidole vitatu, Baba."

"Vitatu. Tumekaa siku nne kuvipata. Tulianza na viwili nikamwambia bado, tukaweka vinne nikamwambia sasa umezidisha, Mashoto hawezi kuchelewa hivyo, ana miguu myepesi." Alikuwa anaongea taratibu, uso ameuelekeza mahali sauti yangu ilipotokea. "Ulikuwa unafika mwisho wa ubao, unarudi hatua moja kwenye kreti. Nilikuwa naisikia ile hatua. Watu wote wametulia wanangoja nyota, na mimi nangoja na wao. Halafu unaifikia. Ulipokua ukaacha kuchelewa, nikanyamaza, nisingeweza kukwambia mtu mzima ukosee. Sasa sioni, Mashoto. Nilitaka nikae hapa nikusikie."

Sikuwa na pa kuuweka uso. Watu wa mtaa wote wamesimama pale. Baba akaipapasa ile kreti ya soda kwa kiganja, akaipiga mara mbili.

"Hii tumeiosha kwa ajili yako. Kaa urudishe ulichotoa."

Nikakaa. Shemeji akanipa kisu chake kidogo cha kukatia raba. Kipande changu kilikuwa kimeshika vizuri mno, gundi ninayouza dukani ni nzuri, kikatoka na ngozi ya raba ya mwenzake, kwa hiyo alama ya zamani ikapotea. Ikabidi tugundishe kipande kingine kirefu zaidi, tuitafute upya kwa kukipunguza. Nilikuwa nakata kidogo, shemeji anazungusha bomba kwa mkono, Baba anasikiliza. Bado, anasema. Nakata. Bado. Nakata tena upana wa ukucha, bomba linazunguka, kumi na mbili, ta, kimya, kimya, ta.

"Hapo," Baba akasema.

Tukachomeka. Taa zikapanda kama mwanzo mpaka paani, halafu mlango ukabaki giza. Watu wote walikaa kimya, nilisikia mtoto mmoja akisema mbona, na nyota ikawaka. Hapo ndipo walipiga kelele kweli. Baba alikuwa ameweka mkono wake juu ya goti langu na hakuutoa mzunguko baada ya mzunguko.

Mngedhani hadithi inaishia hapo na mimi nimepona. Watu walipotawanyika na Baba amepelekwa ndani, nilimkuta shemeji getini anakunja waya uliobaki, anaukunja kwenye kiwiko, taratibu, kama ana mwaka mzima. Nikamuuliza walikuwa wanaongea nini kule stoo, walipokuwa wananyamaza nikiingia.

"Habari zako," akasema.

"Zipi?"

"Zote, shemeji. Wiki tatu mzee hakuongea kingine."

Nina miaka arobaini na sita. Miaka yote hiyo nimekaa pembeni ya yule mzee nikingoja aseme vizuri au vibaya, na ameyasema, yote, wiki tatu mfululizo, na aliyepewa ni huyu. Maneno yangu mimi ameyakunja kwenye vitambaa vyake anatembea nayo kwenye mkoba. Nilimwonea gere upya pale getini, gere ambayo mbele yake ile ya ndala ilikuwa mchezo.

Nikaenda barazani nikaleta kreti. Nikaiweka chini mbele yake, nikamwambia akae. Akasita, akasema hiyo ni yako shemeji. Nikamwambia najua ni ya nani, kaa, na uanze mwanzo, na leo usinipe maneno matatu.

Akafuta mikono kwenye kitambaa, akakaa kwenye kreti yangu, akaanza.